Listen Without Prejudice Vol. 1: George Michael alipoiondoa sura yake

Albamu hii ilitoka Septemba 1990, na hadi leo watu wanaipima kwa mizani ya Faith. Naelewa sababu. Faith, albamu yake ya kwanza baada ya Wham!, kundi lake la awali, ilitoa nyimbo nne zilizoshika namba moja Marekani, ikabeba na Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mashabiki wakangoja koti la ngozi, miwani myeusi na midundo ya kuchezeka. Walichopata ni jalada lenye umati wa watu kwenye ufukwe wa Coney Island, New York, picha ya mpiga picha Weegee ya mwaka 1940, na mwimbaji aliyekataa kuonekana kwenye video zake.

Mimi nasema ni hapa ndipo alipofikia kilele chake kama mtunzi, na ninayo sababu ya kusema hivyo: isikilize kwa vipokea sauti, bila kuruka wimbo. Praying for Time inafungua kwa mwendo wa polepole, sauti yake ikiwa na mwangwi mzito kana kwamba anaimba ndani ya jengo tupu, akizungumzia matajiri wanaokumbatia mali huku maskini wakiambiwa wavumilie. Kufungua albamu ya pop kwa wimbo wa namna hiyo kulihitaji moyo, na bado ulifika namba moja Marekani.

Halafu inakuja Freedom! '90. Dakika sita na ushee, ngoma zilizokopwa kwa James Brown, piano ya kanisani, na kiitikio ambacho kinacheleweshwa mpaka unakitamani. Anawaambia mashabiki waziwazi kwamba yule kijana waliyempenda kwenye picha ameondoka. Kwenye video, iliyoongozwa na David Fincher, wanamitindo kina Naomi Campbell na Linda Evangelista ndio wanaofuatisha maneno kwa midomo badala yake, na koti la ngozi la enzi za Faith linateketea kwa moto. Watu wengi huikumbuka video kuliko wimbo. Inasikitisha, maana wimbo wenyewe ndio wenye nguvu.

Ninayoirudia zaidi, hata hivyo, ni They Won't Go When I Go. Ni wimbo wa Stevie Wonder, na kuugusa tu ni hatari kwa mwimbaji yeyote. Yeye anaukabili kwa piano na sauti zilizopangwa kama kwaya, bila mbwembwe, na anapopanda juu hasikiki kama anayejionyesha. Waliomwona kuwa sura nzuri tu wausikilize huu kwanza.

Si kila kitu kimekaa sawa. Cowboys and Angels inapita dakika saba. Saksafoni yake ni tamu, ila wimbo unajizungusha palepale. Soul Free nayo ni nyepesi mno kwa albamu yenye uzito huu. Heal the Pain, kwa upande mwingine, ina upole wa gitaa ambao sijauchoka.

Mapokezi yaligawanyika kwa bahari. Uingereza ilishika namba moja, ikauza kuliko Faith, na mwaka 1991 ikapata tuzo ya Brit ya albamu bora ya Uingereza. Marekani iliishia namba mbili na mauzo yakawa chini sana ya yale ya Faith. Mwenyewe aliona Sony, kampuni yake ya kurekodi, hawakuitangaza ipasavyo, akawapeleka mahakamani London, na mwaka 1994 akashindwa kesi. Juzuu ya pili iliyoahidiwa na jina la albamu haikutoka kamwe.

Ukitaka kuinunua, tafuta toleo la 2017, lililotoka mwaka uliofuata kifo chake. Lina pia onyesho lake la 1996 la MTV Unplugged, kipindi cha televisheni cha muziki wa vyombo visivyo vya umeme, na Praying for Time ya humo imevuliwa ule mwangwi wote. Sauti iko mbele, na kila neno unalisikia.