"Resume" au "restart": utumie kipi?

Vitenzi hivi viwili vya Kiingereza huchanganywa sana, hata na watu waliosoma vizuri. "Resume" ni kuendelea pale ulipoishia. "Restart" mara nyingi ni kuanza upya.

Tazama kompyuta. Ukipakua faili, intaneti ikakatika, kisha ukabonyeza "resume", zile asilimia 60 zilizokwisha kushuka zinabaki na kazi inaendelea. Ukibonyeza "restart", unarudi sifuri. Kwa mwenye bando dogo, kukosea hapa ni hasara ya pesa taslimu.

Lakini mpira unaleta utata, na hapa ndipo pananivutia zaidi. Ligi Kuu ya Uingereza ilisimama Machi 2020 kwa sababu ya korona, ikarudi tarehe 17 Juni. Mpango wa kuirudisha uliitwa "Project Restart", ingawa Liverpool walirudi na uongozi wao uleule wa pointi 25. Hakuna kilichofutwa. Kwa hiyo "restart" huweza pia kumaanisha kuwasha tena kitu kilichozimika. "Resume" haina uhuru huo: haiwezi kamwe kubeba maana ya kufuta na kuanza mwanzo.

Kisarufi, sema "she resumed reading", si "resumed to read". Wala usiongeze "again", maana marudio yamo tayari ndani ya kitenzi.

"Resume" ni rasmi zaidi: inafaa sana kwenye barua ya ofisi au tangazo la shule, kama "classes will resume on Monday". Ile "résumé" ya wasifu wa kazi ilitoka Kifaransa na hutamkwa tofauti kabisa.