Gereji ya Kawempe iliyokataa kukata usukani wa Land Cruiser yangu

Kama umeinua Land Cruiser yako inchi mbili na sasa inayumba barabarani, ipeleke kwenye gereji hii ya Kawempe, Kampala, kabla hujamruhusu mtu kugusa usukani wake kwa moto. Nasema hivyo nikiijua bei yao na ninavyochukia kusubiri.

Gari langu ni Land Cruiser 80 ya mwaka 1994, injini ya dizeli ya 1HZ. Hubeba dawa za mifugo na masanduku ya baridi ya chanjo kutoka Kampala hadi Moroto, Kotido na Kaabong, kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Springi za zamani zilikuwa zimelala, na Karamoja ikinyesha ule udongo mweusi unashika tumbo la gari na kulikalisha. Nikafunga springi ndefu za chapa ya Old Man Emu pamoja na shokapu zake, gari likapanda sentimita tano. Chini nikapata nafasi niliyoitaka. Ila lami ya Mbale hadi Soroti ikageuka mateso: ukifika kilomita 80 kwa saa, gari linajitafutia njia, mara kushoto, mara kulia. Ukimaliza kona usukani haurudi mpaka uurudishe kwa mikono. Na gari likienda moja kwa moja, usukani wenyewe umekaa upande.

Fundi wa kwanza aliyelitazama, hapo mjini, alinipa jibu ambalo naamini wengi mmelisikia. Pitimani amu, ule mkono unaotoka kwenye boksi la usukani, sasa iko juu mno, kwa hiyo tuikate, tuishushe, tuichomelee, kisha tuongeze shokapu ya usukani iliyo ngumu. Kazi ya saa mbili. Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka. Pitimani amu ni chuma kilichofuliwa na kukazwa kwa joto maalumu kiwandani. Ukikipasha kwa gesi mpaka kikawa chekundu, ule ukakamavu wake umeondoka. Ukikichomelea, pembeni mwa mshono panakuwa pakavu, rahisi kuvunjika, na ufa huanzia hapo, ndani, usikoonekana. Mikono yako inaongoza magurudumu kupitia kipande hicho kimoja. Kikikatika kwenye mteremko hakuna cha kushika. Wako mafundi hodari wa kuchomelea geti na trela ambao hawaoni tofauti, na jambo hili linanitia hofu kila nikipishana na gari lililoinuliwa.

Mzee wa Kawempe, ambaye kila mtu pale anamwita Hajji, hakushika spana kwa muda mrefu. Alimkalisha kijana wake ndani ya gari, injini inanguruma, magurudumu yote chini, akamwambia autikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo. Yeye akaingia chini akaweka kiganja juu ya kila endi, yaani kiungo cha ncha ya fimbo za usukani, moja baada ya nyingine. Endi moja ya draglinki, fimbo inayotoka kwenye pitimani amu kwenda gurudumuni, ilikuwa ikicheza kabla gurudumu halijasogea. Bushi, yaani mpira wa kiungo, ya panadi rodi (fimbo inayoishika ekseli kwenye chesi) upande wa ekseli nayo ilikuwa imekwisha. Hayo mawili hayakutokana na kuinua gari; yalikuwepo, kuinua kukayaanika.

Kisha akachukua pimamaji, akailaza juu ya panadi rodi, akatazama, akaihamishia kwenye draglinki. Mlalo ni uleule. Akaniita niinamie nione.

"Unaona, mwanangu? Hizi mbili zinashuka pamoja. Ukiishusha pitimani, draglinki inalala na panadi inabaki imesimama. Hapo ndipo shida itaanza."

Panadi rodi ndiyo inayoizuia ekseli isiende kando. Gurudumu likipanda tuta, ekseli inafuata upinde wa panadi rodi. Draglinki nayo ina upinde wake. Pinde hizo zikifanana, usukani unatulia. Zikitofautiana, kila shimo linaisukuma au kuivuta draglinki, na gari linakata kona ambayo dereva hakuikata. Kwenye 80 iliyoinuliwa inchi mbili zote mbili zimeinama kwa kadiri moja, basi hakuna cha kurekebisha pale. Aliyeinua inchi nne au zaidi ana hesabu nyingine, na hata huyo atanunua kipande kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, asikate.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kastaa kupungua, yaani ule mlalo wa kingpini (mhimili ambao gurudumu hugeukia) kuelekea nyuma, kama uma wa baiskeli ulivyolala, ndio unaorudisha magurudumu katikati. Mikono ya ekseli ya 80 inaanzia kwenye ekseli na kwenda nyuma kushika chesi. Chesi ikipanda, mikono inazungusha ekseli na kichwa cha kingpini kinakuja mbele. Unapoteza takribani digrii moja kwa kila inchi, na kiwandani gari hili linatoka na kama tatu tu. Mashine ya alaimenti, ya kupima mkao wa magurudumu, aliyonituma nikapimiwe kabla ya kazi ilisoma digrii moja kasoro.

Dawa yake ni bushi za kastaa, ambazo tundu lake halikai katikati. Zinaingia pale mikono inaposhika ekseli. Kuzitoa za zamani kulihitaji presi, na mpira mmoja ulikuwa umeganda na kutu mpaka wakautoboa. Kilichonifurahisha ni namna Hajji alivyoweka alama ya chaki kwenye kila mkono kabla ya kukandamiza bushi mpya, kwa sababu ukiigeuza bushi chini juu unaondoa digrii badala ya kuongeza, na gari linatoka baya kuliko lilivyoingia. Bolti hakuzikaza gari likiwa kwenye jeki. Alilishusha, likakaa kwa uzito wake, ndipo akamaliza, ili mpira usikae umejisokota siku zote na kupasuka mapema. Kila nati ya endi ilipata pini mpya. Ile ya zamani niliyodhani bado nzima aliipinda mbele yangu ikakatika, akaitupa.

Usukani uliokaa upande ulichukua dakika chache: legeza klampu mbili za draglinki, zungusha bomba mpaka usukani unyooke, kaza. Alipima pia kwa timazi kuona ekseli imehama kiasi gani, akakuta milimita nane. Panadi rodi ya kurefusha alikuwa nayo dukani, angeweza kuniuzia. Alisema kwa milimita nane nibaki na pesa yangu.

Sasa ya kulalamikia. Waliniambia gari litatoka jioni, likalala siku mbili zaidi kwa sababu endi waliyoagiza Kisekka, soko la vipuri la Kampala, ilikuja bandia, Hajji akairudisha. Nashukuru aliirudisha, lakini hakuna aliyenipigia simu, nami nilikuwa na chanjo za kupeleka. Mashine ya alaimenti hawana. Tairodi, fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, wanaipima kwa kamba na futi, kisha unakwenda kulipia kipimo kwingine. Ufundi ulikuwa shilingi za Uganda laki mbili na nusu, bila vipuri. Kwa mjini si bei ndogo, na risiti niliiomba mara mbili.

Baada ya kazi mashine ilisoma digrii tatu. Nimeshalipeleka hadi Kaabong likiwa limejaa. Kwenye lami naliongoza kwa vidole, usukani unarudi wenyewe kila baada ya kona. Kwenye barabara ya murram yenye mikunjo kama ya bati linatetemeka, kama 80 yoyote, ila haling'ang'anii upande. Shokapu ya usukani ni ileile ya zamani. Ile ngumu niliyotakiwa kununua ingeufunika mtikisiko na kuiacha endi mbovu iendelee kulika.

Ukienda, nunua bushi mwenyewe kwa muuzaji unayemwamini, uende nazo zikiwa kwenye boksi. Mwombe Hajji akuonyeshe endi zinavyocheza kabla hajafungua chochote, hakatai. Ijumaa wanasimamisha kazi saa sita kwa ajili ya swala, kwa hiyo fika asubuhi. Na baada ya kama kilomita 500 rudi wakaze tena bolti za mikono ya ekseli, hiyo hawatozi.