Sanduku langu lilikuwa hapahapa Entebbe

Nikisema nimetulia nitakuwa naongopa. Yule dada wa kaunta ya mizigo iliyopotea aliniangalia mara moja tu, akarudi kwenye simu yake. "Nyabo, sisi tumekuleta tu. Waulize waliokutoa London."

Tiketi moja, mashirika mawili, ndege tulibadilishia Ghuba. Risiti ya mzigo niliyopewa London imeandikwa EBB, msimbo wa uwanja wa Entebbe, yaani sanduku lilipaswa kuja moja kwa moja hadi Entebbe bila mimi kuligusa njiani. Mkanda ukazunguka mpaka ukazimwa, sanduku hakuna, na humo mna koti la mdogo wangu la kuvaa juu ya kanzu siku ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, Jumamosi. Nikawapigia wa London. Nao: "Ongea na waliokufikisha."

Danadana hiyo ndiyo iliyonichefua kuliko kukosa sanduku lenyewe. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa safari za ndege, uko wazi: kwa safari kama hii abiria anaweza kulidai shirika la kwanza, la mwisho, au lile ambalo mzigo ulipotelea mikononi mwake. Nikamweleza yule dada wa kaunta. Akacheka! Hata fomu ya ripoti alinipa baada ya watu nyuma yangu kuanza kupiga kelele.

"Nenda nyumbani, tutakupigia." Nyumbani kwangu ni Arua, mwenzangu, basi la usiku kupitia Karuma. Hakupiga mtu.

Nikarudi Entebbe mwenyewe, nimejiandaa kugombana na forodha pia, maana sifa zao mnazijua. Hapo hasira ikakosa pa kukaa. Afisa mmoja, mzee kidogo, akasoma namba ya risiti. "Mama, hili liko stoo yetu tangu wiki iliyopita, lilikuja na ndege iliyofuata. Hatulifungui bila mwenyewe, na shirika halijaleta karatasi hata moja."

Halijaleta! Akalikagua mbele yangu, akauliza bei ya koti, akaniambia mkazi anayerudi hatozwi ushuru kwa vitu visivyozidi thamani fulani, akalifunga. Hakuomba hata ya soda. Kwa hiyo wale niliowaogopa ndio walionihudumia, na wale niliowalipa ndio waliolala.

Kwanjula ilishapita. Bwana harusi alivaa koti la shemeji, mikono imekomea karibu na viwiko, na picha ziko kila simu ya ukoo.

Nilitaka kuandika msipande kabisa ndege za mashirika hayo mawili. Ila bei yao ndiyo tunayoiweza wengi, na rubani hana kosa, na chakula kilikuwa kizuri, sikatai. Pandeni basi, ila nguo ya sherehe bebeni mkononi, na risiti ya mzigo msiitupe. Madai ya mzigo uliochelewa yanaandikwa ndani ya siku 21 tangu uupokee. Yangu niliyatuma mapema. Wamenijibu kwa kunishukuru kusafiri nao.