Supu ya utumbo Mbuyuni Moshi: taulo safi, firigisi wajirekebishe

Mnaouliza supu ya asubuhi Moshi mjini inaliwa wapi, mimi kwa sasa naenda banda moja upande wa soko la Mbuyuni, halina bango, utaliona kwa bodaboda zilizopaki nje na harufu ya kuni. Agiza mchanganyiko. Bakuli 3,000, chapati 500, ndimu na pilipili mbuzi zipo mezani bure.

Kilichonipeleka ni taulo, yaani lile tumbo la ng'ombe. Jamaa wanalikwangua hadi linakuwa jeupe, linachemka tangu usiku, ukilitia mdomoni linakatika bila ugomvi, sio kama yale ya kwingine unatafuna weeee mwisho unaangalia pembeni unameza hivyo hivyo ili maisha yaendelee. Kabla hujala hebu ligeuze uangalie upande wa ndani, vile vinyama vidogo vidogo vimesimama vimebanana, hicho ni chumba cha kwanza kati ya vinne vya tumbo la ng'ombe, majani yanaingia humo yanakorogwa, kuta zinajikaza zinalegea, halafu yanarudi mdomoni anacheua anasaga upya, hiyo kazi ya kucheua inaweza kufika hata masaa 8 kwa siku. Bakuli langu lilikuwa pia na kile kipande chenye visanduku kama sega la nyuki, ni chumba cha pili hicho, na cha tatu chenye kurasa kurasa. Sasa msuli uliopiga kazi hivyo maisha yake yote ukiupika nusu saa unategemea nini? Ndio maana nawasifia hawa, hawana haraka.

Sisi wenzangu hatucheui, tumbo letu ni moja na ukishameza umemeza, kwa hiyo muwe mnatafuna jamani. Meno ya mbele yanakata, magego yanasaga, ulimi unageuza na mate yanalainisha, hapo ndio tonge linateremka, na haliteremki kwa uzito wake, koo linalisukuma kwa kujikaza nyuma yake kiasi kwamba hata ukiwa kichwa chini miguu juu linafika. Tumboni misuli ipo tabaka tatu, moja wima, moja mzunguko, moja mshazari, inapiga mawimbi kama matatu kwa dakika, na mlango wa kutokea unapitisha vilivyosagika kweli kweli, milimita moja mbili hivi, pande kubwa linarudishwa nyuma likapondwe tena. Ndio pale mtu kameza mapande saa 2 asubuhi, saa 6 anakwambia bado kashiba, kumbe tumbo liko overtaimu.

Meza ya jirani kulikuwa na meku (mzee) mmoja meno yamebaki ya kuhesabu, yeye hana habari na taulo, ni mtori tu, na kwa kweli mtori wao uko vizuri, ndizi zimepondwa na mwiko hadi zimeshikana, nyama imechambuka humo humo, yaani kazi ya magego imeshamalizwa jikoni. Wangepunguza chumvi kidogo tu.

Mafuta ni mengi, nasema ukweli. Supu ikianza kupoa unayaona yanaelea duara duara, unakoroga na kijiko yanaachana kidogo yanarudi kukutana. Mwilini hiyo kesi anaimaliza nyongo, inatoka kwenye ini inatunzwa kwenye kifuko chake, ikimwagwa kwenye utumbo mwembamba inayapasua mafuta kuwa vitone vidogo sana visivyorudi kuungana ndio vimeng'enya vinapata pa kushika. Lakini mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga mzigo, kwa hiyo kama una safari ya kupanda Marangu kwa kosta mwambie dada akuenguie juu, anaengua bila kununa.

Sasa firigisi. Hapa mmeniudhi. Kuku hana meno, anameza vijiwe na mchanga, vinakaa kwenye firigisi, ule msuli mnene unavibana na mahindi yanasagika humo, kwa hiyo yeyote anayejua kuku anajua firigisi inapasuliwa, inamwagwa uchafu, na ile ngozi ya njano ya ndani inabanduliwa yote. Yote! Yangu ilikuja na ukingo wa njano umebaki, nikang'ata nikasikia krrr, mchanga. Shilingi 2,000 ya kusaga mchanga na gego langu mwenyewe. Nilimwita dada akanibadilishia na taulo, akasema pole kaka, hiyo nampa hongera, ila mwenye sufuria aambiwe.

Supu nyota 4, mtori 4, firigisi 1 na hiyo moja ni ya yule dada. Ukienda wahi kabla ya saa 3, taulo linaisha mapema, na beba hela ndogo ndogo maana chenji pale ni kesi nyingine.