Uzoefu wangu: SPD, kilinda volti na erthi kwenye nyumba ya mlimani Mwanza

Nyumba yetu iko juu ya mawe, upande wa Ilemela, na aliyekaa kando ya Ziwa Victoria anazijua mvua zake. Radi zinaanza kupiga ziwani usiku, umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Kila msimu wa mvua mtaani kwetu hukosi kusikia friji ya fulani imeungua au televisheni imezima moja kwa moja. Sasa nimeishi na kinga ya nyumba nzima kwa mvua na kwa kiangazi, nami naipendekeza kwa moyo wote, ila kwa masharti.

Kwanza tuelewane kuhusu vifaa vyenyewe, maana dukani vinauzwa kana kwamba ni kitu kimoja. SPD kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaoruka ghafla kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kama ule unaoingia kwenye nyaya radi ikipiga jirani. Kilinda volti kinafanya kazi nyingine kabisa: kinazima nyumba pale volti zinapopanda au kushuka zikabaki hukohuko. Umeme wetu wa kawaida ni volti 230. Waya wa nyutro (ule unaorudisha umeme) ukikatika kwenye nguzo, nyumba moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400 na zikaendelea hivyo kwa dakika kadhaa. Hapo SPD haikuokoi, yenyewe inaungua. Ndiyo maana nilifunga vyote viwili.

SPD yangu ni ya daraja la 2, imeandikwa volti 275 (kikomo cha volti inazoweza kukaa nazo muda wote) na kA 40 (kiloampea, mkondo mkubwa kabisa inaoweza kuupitisha ghafla), imekaa ndani ya boksi la breka ikiwa na breka yake. Ina kidirisha cha kijani. Kikigeuka chekundu unachomoa kipande kilichokufa na kuchomeka kipya bila kugusa nyaya. Fundi alinifurahisha kwa jambo moja ambalo wengi hawalijali: nyaya za kuiunganisha alizikata fupi, zote kwa jumla hazifiki nusu mita. Alinieleza kwamba radi inapopita, mita moja tu ya waya inaweza kuongeza kama volti 1,000 juu ya zile ambazo SPD imezizuia. Kwa hiyo ukiona nyaya zimezungushwa ndani ya boksi ili zipendeze, mwambie afungue arudie.

Kazi kubwa, lakini, ilikuwa erthi, yaani waya na rodi ya chuma vinavyoupeleka umeme ardhini. SPD bila erthi nzuri haina pa kuupeleka huo umeme, na sisi wa Mwanza tumejenga juu ya miamba. Rodi ya zamani, iliyokuwepo tangu nyumba inajengwa, ilikuwa imechomekwa kwenye udongo mchache kati ya mawe mawili. Kipimo kilisoma zaidi ya omu 80, na kwa erthi omu zikiwa chache ndiyo vizuri. Fundi akakataa kufunga chochote kabla ya kurekebisha hilo, na kwa hilo peke yake nilimheshimu. Tulishuka hadi chini ya kiwanja, karibu na maji ya bafuni yanakomwagika, ambako udongo ni mwingi na una unyevu. Tukachimba, zikapigiliwa rodi mbili zilizoachana zaidi ya urefu wa rodi yenyewe, zikaunganishwa kwa waya mnene wa shaba, tukajaza udongo wa bentonaiti, unaoshika unyevu. Wapo wanaotumia chumvi na mkaa. Chumvi inashusha kipimo haraka, lakini inasombwa na mvua na inaila rodi. Kipimo kilishuka hadi omu 12 hivi. Nilipima tena kiangazi, kikapanda kidogo, nacho ni kitu cha kutarajia udongo ukikauka.

Kilinda volti kinaonyesha namba muda wote, na hilo limenifundisha mengi kuhusu umeme wetu. Jioni watu wakipika volti zinashuka hadi 195, usiku wa manane zinafika 245. Nimekiweka kizime chini ya 180 na juu ya 260, na kisirudishe umeme mpaka dakika 3 zipite, ili kompresa ya friji ipumzike kabla ya kuwaka tena. Kero yake ni kwamba kinazima nyumba nzima. Jirani akiwasha mashine ya kuchomelea jioni, nasi tunakaa gizani tukisubiri. Tena, kama una hita ya kuogea, kishike kwa mkono mara kwa mara: kikiwa moto sana, skrubu zake zimelegea au ampea zake ni ndogo.

Jambo ambalo nisingependa mtu alipuuze ni waya wa dishi. Radi haiingii kwa njia ya umeme pekee. Inashuka pia na waya wa dishi mpaka kwenye king'amuzi na televisheni. Mvua ikianza kunguruma tunachomoa plagi ya umeme na waya wa dishi, na radi ikipiga nyumba yenyewe, SPD ya daraja hili haitoshi.

Zile ekstensheni zilizoandikwa kwamba zinazuia umeme mkubwa, fundi alifungua moja mbele yangu. Ndani kulikuwa na vibati, swichi na kitaa. Hakuna kinga yoyote.

Chagueni mafundi wenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na kipimo cha erthi mkononi. Asiye na kipimo anabahatisha. Kama fedha ni chache, anza na erthi, kisha kilinda volti, SPD ifuate. Na kwa aliyepanga, ambaye mwenye nyumba hataki boksi liguswe, nunua frijigadi (kilinda volti kidogo cha kuchomeka kwenye soketi) ya friji na nyingine ya televisheni, zenye muda wa kusubiri kabla ya kurudisha umeme. Utahama nazo.