Stourhead: bustani kwanza, jumba baadaye

Nimekwisha kutembelea majumba kadhaa ya kale ya Uingereza, na mengi humchosha mgeni kwa vyumba vilivyojaa vyombo vya fedha na picha za mababu wa watu asiowajua. Stourhead, katika kaunti ya Wiltshire, ni tofauti kwa kuwa uzuri wake uko nje; anayekwenda huko namshauri aanze na bustani angali na nguvu za miguu.

Mali hiyo ilinunuliwa mwaka 1717 na familia ya Hoare, wenye benki wa London. Miaka michache baadaye benki yao ilivuna faida kubwa kwa hisa za South Sea, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kupeleka watumwa katika makoloni ya Hispania, na jambo hilo halikunitoka akilini nilipokuwa nikitazama ukwasi uliomwagwa pale. Kuanzia miaka ya 1740 Henry Hoare wa pili aliyakinga maji ya mto Stour yakawa ziwa, na akajenga kandokando yake mahekalu ya mtindo wa Kirumi, akihakikisha kwamba kila moja linaonekana vizuri kutoka ng'ambo. Ndiyo maana ni vyema kulizunguka ziwa kinyume cha mshale wa saa: unaliona kuba la Panteoni, mojawapo ya mahekalu hayo, kwa mbali, miti inalificha, kisha unatokea mbele yake ghafla.

Kilichonivutia zaidi ni pango. Njia inateremka gizani, baridi inakupokea, na ndani kuna sanamu nyeupe ya binti aliyelala, maji yakitiririka chini yake hadi kwenye kidimbwi. Pembeni kuna tundu ukutani linaloonyesha ziwa likiwa karibu usawa wa macho. Watoto walikuwa wakipiga kelele ili wasikie mwangwi, na sikuona sababu ya kuwakemea. Hekalu la Apollo, la mwaka 1765, liko juu ya kilima, na majani yaliyolowa huifanya njia iteleze.

Jumba halikunigusa sana, isipokuwa maktaba yenye dari la mviringo. Moto wa mwaka 1902 uliteketeza sehemu ya katikati, ikajengwa upya. Mrithi pekee alifariki mwaka 1917 kutokana na majeraha ya vita, na mwaka 1946 wazazi wake wakakabidhi mali kwa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba na bustani za kale. Mwaka uliofuata wote wawili walifariki siku moja.

Asiye na gari ashuke stesheni ya Gillingham iliyopo Dorset, wala si ile ya Kent, na ahakikishe amekwisha kuagiza teksi ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu nje ya stesheni hiyo usitarajie kuikuta ikikusubiri.