Themostati ya nyuzi 82 kwenye Noah AZR60: uzoefu wangu

Gari ni Noah AZR60 ya mwaka 2003, injini 1AZ-FSE, ile ya D-4 (petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda). Ninachokizungumzia ni themostati (vali inayofunguka injini ikipata moto ili maji yapite kwenye rejeta) ya Kijapani yenye namba 82 iliyogongwa kwenye bati lake, yaani nyuzi joto inapoanza kufunguka, pamoja na mpira wake. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu mpira haumo ndani ya boksi, unauzwa peke yake, na usipouuliza utafika gereji huna.

Nianze na jambo linalobishaniwa kila gereji. Gari likichemsha, mafundi wengi huichomoa themostati na kuitupa: "nchi yetu ya joto, hii ya kazi gani?" Kwenye injini za zamani ungeweza kupona. Kwenye familia ya AZ, kama hii 1AZ, huponi kirahisi, maana themostati hii ina sahani mbili. Kubwa hufungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Ndogo ya chini, kubwa inapofunguka, huziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huipitia kurudi kwenye pampu bila kugusa rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini. Kwenye mwendo mwepesi huoni tatizo, tena, kwa kuwa njia ya rejeta nayo iko wazi muda wote, injini inakuwa baridi kupita kiasi na kompyuta inazidi kumwaga mafuta ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa. Panda mlima Kitonga kule Iringa umejaza abiria, mshale unaanza kupanda. Na injini hizi si za kuchezea moto: bloku ni ya alumini, na meno (thredi) yanayoshika bolti za silinda hedi, yaani kichwa cha injini, yanajulikana kwa kung'oka.

Kujua kama iliyopo imekufa ni rahisi. Washa injini ikiwa ya baridi, shika hozi ya chini ya rejeta kila baada ya muda, ukiwa mbali na feni na mkanda. Themostati nzima huiacha hozi hiyo baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla inapata moto. Ikipata uvuguvugu taratibu tangu mwanzo, themostati imeng'ang'ania wazi au haimo kabisa. Mshale ukipanda juu na hozi ya chini bado ya baridi, imeng'ang'ania kufunga, au kuna hewa. Zima.

Kabla ya kufunga mpya, ipime. Hii ni hatua ambayo watu huiruka, kisha wanafungua kazi mara mbili. Ifunge waya, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto pembeni, pasha taratibu huku ukikoroga. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imenyanyuka milimita 10 au zaidi. Ukiitoa na kuiacha ipoe, inatakiwa ijifunge yenyewe kabisa. Hii ya Kijapani ilianza kuachia kwenye 82 na ikafunga bila kubakiza mwanya. Niliipima sambamba na moja ya bei poa niliyoichukua Kariakoo: ilichelewa hadi 88, na ilipopoa ilibakiza mwanya wa kupitisha karatasi. Ukiwa Arusha usishangae sufuria ikitokota karibu na 95 badala ya 100, ni kwa sababu ya mwinuko. Kwa kipimo hiki inatosha.

Kazi yenyewe. Injini iwe imepoa kabisa, si "imepoapoa". Chomoa waya hasi wa betri kwanza, maana waya mnene wa alteneta una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Fungua koki ya chini ya rejeta kwa vidole tu. Ni ya plastiki, ukiiwekea plaizi itavunjika. Kinga beseni safi.

Themostati haiko juu, iko kwenye mdomo wa hozi ya chini, ubavuni mwa bloku nyuma ya alteneta. Mdomo umeshikwa na nati mbili za namba 10. Ya juu utaifikia. Ya chini ndiyo inayotoa watu jasho: wengine huipata kwa ekstensheni ndefu yenye kiwiko, lakini kwa maoni yangu legeza mkanda, ondoa bolti za alteneta, isogeze pembeni. Utaongeza nusu saa na kuokoa stadi, yaani ile bolti isiyo na kichwa ambayo nati hukaa juu yake. Stadi ni nyembamba, spana ikiteleza imekatika, na hapo kazi ya asubuhi inakuwa ya siku mbili.

Ukitoa ya zamani, angalia imekaa vipi kabla hujaigusa. Safisha mfereji kwa kitambaa na kijiti cha mbao; bisibisi itakwaruza alumini na maji yatavuja hapohapo. Mpira mpya unavishwa kwenye ukingo wa themostati kama soksi, ukingo uingie katikati ya mpira. Usipake silikoni. Mpira wenyewe unatosha, na silikoni inayobanuka kwa ndani hukatika na kwenda kuziba vijitundu vya rejeta ya hita. Upande wa springi uelekee ndani ya injini. Ile pini ndogo inayochezacheza kwenye tundu lake ikae juu kabisa, isipotoke zaidi ya nyuzi 10 kushoto wala kulia, kwani ndiyo njia ya hewa wakati wa kujaza. Ikikaa chini, hewa inajikusanya nyuma ya themostati, nta iliyo ndani yake, inayotanuka kwa joto na kuifungua, haiguswi na maji ya moto, na utailaumu themostati mpya bure. Nati zinakazwa kwa Nm (nyutonimita) 9 tu, yaani racheti ndogo na mkono usiotumia nguvu, kwa zamu, kidogo kidogo.

Kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, nilitumia iliyokwishachanganywa, ile ya pinki. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, yanakula alumini na kuacha ukoko mweupe kwenye ule mhimili wa themostati hadi unakwama. Kama unanunua ya kuchanganya mwenyewe, weka nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya kuongezea betri, siyo asidi.

Kujaza kunataka subira. Mimina polepole huku ukiminya hozi ya juu na ya chini kwa mkono, utaona mapovu yanatoka. Weka hita kwenye joto la mwisho, na kama gari lina hita ya nyuma, nayo iwashe. Acha mfuniko wazi, injini ikiunguruma taratibu. Themostati ikifunguka usawa unashuka ghafla, ongeza. Feni zikizunguka na kuzima mara mbili, na hita ikitoa hewa ya moto kweli, funga mfuniko. Ukisikia maji yakichuruzika nyuma ya dashibodi, hewa bado imo. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua tena na ujazie.

Wakati uko hapo, angalia mpira wa mfuniko wa rejeta. Ukiwa umepasuka, nunua mwingine wenye namba ileile iliyoandikwa juu yake; mfuniko usioshika presha huifanya kulanti ichemke mapema hata themostati ikiwa nzuri.

Nimepanda nayo Kitonga, abiria saba na AC ikiwa imewashwa, mshale ukabaki pale unapokaa siku zote. Lakini usiitarajie ifanye isiyo kazi yake. Gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa barabara kuu lina shida ya feni. Linalochemsha mlimani tu, mara nyingi rejeta imeziba. Na kama asubuhi kabla ya kuwasha hozi ya juu imekakamaa kama tairi, au mapovu hayaishi kwenye rejeta hata baada ya saa nzima, usinunue themostati. Peleka gari likapimwe gasketi ya silinda hedi.